Nyuki anavyosikia harufu

Nyuki akikuchoma, pale alipoacha mwiba hunukia ndizi mbivu. Hiyo ni isopentili asetati, harufu ya hatari inayowaita wenzake waje. Ndizi mbivu nayo huitoa, ndiyo maana wafugaji hawali ndizi karibu na mzinga.

Kila kipapasio cha nyuki kibarua kina seli za kunusa zipatazo 60,000, na kwa kawaida seli moja ina kipokezi (sehemu inayonasa harufu) cha aina moja. Seli zenye kipokezi kile kile, hata zikiwa zimetawanyika, hupeleka nyuzi zake kwenye kifundo kimoja ubongoni. Vifundo viko kama 160, na hakuna cha ndizi wala cha karafuu. Harufu moja huamsha kadhaa, hiki sana, kile kidogo. Ubongo huvisoma vyote kwa pamoja, kama mchezaji wa bao asomavyo kete zilivyokaa mashimoni.

Kutoka hapo habari hufika kwenye seli za ubongo ziitwazo seli za Kenyon, zipatazo 170,000 kila upande wa ubongo. Kwa harufu yoyote huitika chache tu, hivyo karafuu haichanganywi na mdalasini. Hapa ndipo harufu hufungwa pamoja na utamu, yaani nyuki hujifunza harufu ipi huja na chakula.

Kumpima nyuki kama amejifunza harufu ni rahisi. Mpoze kwenye barafu mpaka azubae, mfunge ndani ya mrija mdogo kichwa kikiwa nje, mwache na njaa saa chache. Mpulizie hewa safi bila kukatiza, kisha ichanganye na harufu ya mafuta ya karafuu kwa sekunde 4. Ikifika sekunde ya 3, gusa kipapasio kwa maji ya sukari. Akitoa ulimi, mwache alambe sekunde 3. Rudia baada ya dakika 10. Mara 1 hadi 3 zatosha: karafuu peke yake itamtoa ulimi.

Ukitanguliza sukari, hajifunzi. Upepo ukianza pamoja na harufu, atajifunza upepo. Bila feni ya kutoa hewa nje, karafuu hubaki chumbani na kuvuruga somo linalofuata. Na nyuki aliyeshiba hatoi ulimi hata kama anakumbuka vizuri. Wengi humwita mjinga bure.

Mzingani, moshi wa mfugaji hupunguza mwitikio wa vipapasio kwa harufu ya hatari, lakini mwitikio huo hurudi ndani ya dakika 10 hadi 20, kwa hiyo kazi ikirefuka ongeza moshi kidogo. Ukichomwa, kwangua mwiba mara moja, kisha fukiza palipochomwa. Glavu zilizochomwa zifuliwe: harufu ya ndizi hubaki humo.