Ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa: maana yake

Jamii za asili zina haki ya kuulizwa kabla mafuta hayajachimbwa kwenye ardhi yao, kisha zijibu zenyewe. Haki hiyo ndiyo huitwa ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa. Imo katika kifungu cha 32 cha Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili. Nchi 144 ziliunga mkono azimio hilo. Kenya na Burundi hazikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana.

Huru ni bila vitisho wala rushwa. Mapema ni kabla mkataba haujasainiwa. Yenye taarifa ni kuelezwa kwa lugha wanayoielewa, hasara zikitajwa sawa na faida.

Sarayaku ni kijiji cha watu kama 1,200 wa jamii ya asili ya Wakichwa katika msitu wa Amazon, Ekuador. Mwaka 1996 serikali iliingia mkataba na kampuni ya mafuta juu ya ardhi yao bila kuwauliza. Mwaka 2000 kampuni ikaja na dola 60,000 na ahadi ya ajira 500. Mkutano mkuu wa kijiji ukakataa. Kisha wakaletwa waganga wa hospitali. Mashahidi walieleza kwamba ili utibiwe ulitakiwa kusaini orodha, na orodha hiyo baadaye ikageuzwa barua ya kuiunga mkono kampuni. Jambo hili linaniuma kuliko yote. Saini ya mtu anayetafuta dawa haiwezi kuitwa ridhaa, hata zikikusanywa elfu.

Kampuni iliingia msituni hata hivyo, mwaka 2002 na 2003, ikatega kama kilo 1,433 za vilipuzi vya kutafutia mafuta. Wanakijiji waliacha mashamba wakaenda kulinda mipaka yao. Shule zilifungwa kwa miezi, chakula kikapungua.

Juni 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Ekuador ilivunja haki yao ya kushauriwa. Ilisema pia kuwa kuwashauri wananchi ni kazi ya serikali, haiwezi kuikabidhi kampuni inayoyataka mafuta hayo. Iliamuru vilipuzi viondolewe. Siku hukumu ilipotolewa, vingi vilikuwa bado vimefukiwa msituni, pale watu wanapowinda.