Namba ya alfa haikuchagulii hopsi

Jana tena mtu kaniambia, "Mkuu, nipe hopsi yenye alfa kubwa, nataka bia inukie." Jamani! Hili nimelijibu mpaka nimechoka, wacha niliandike hapa nimalizane nalo.

Hopsi ni maua ya kutilia bia uchungu na harufu, na alfa, ile asilimia ya asidi za alfa iliyoandikwa kwenye pakiti, ni uchungu, basi. Ukichemsha hopsi kwenye maji ya kimea saa nzima, asidi za alfa zinabadilika umbo, zinayeyuka, ndo unapata uchungu. Harufu iko kwenye mafuta, na mafuta yanapaa na mvuke, kwa hiyo hopsi uliyoitia mwanzo wa kuchemsha haikuachii harufu ya maana hata uinunue bei gani.

Sasa chukua aina mbili za hopsi, Magnum ya Ujerumani na Citra ya Marekani. Zote alfa inacheza kwenye asilimia 12 mpaka 13, namba ileile! Magnum inakupa uchungu safi halafu inanyamaza. Citra ukiitia moto umeshazimwa, au kwenye tangi bia ikiwa inamalizia kuchacha, unapata ndimu, balungi, pesheni, embe bivu. Na Saaz ya Ucheki yenye alfa 3 au 4 tu ndo imebeba pilsner, ile bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, miaka yote, ile harufu yake ya viungo na majani huipati kwenye Magnum hata umwage gunia.

Namba ni ya hesabu. Kwa lita 20, gramu 20 za Magnum ya 12 zikichemka saa moja zinakupeleka karibu na IBU 30 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia). Kwa Saaz ya 3 unahitaji gramu 80, na majani yote hayo yananyonya bia yako na kuacha ladha ya nyasi, ndo maana mimi natia Magnum mwanzo, Saaz mwisho. Halafu soma pakiti uliyoshika, sio ya msimu uliopita, maana Cascade ya mavuno haya inaweza kuwa 5 na yanayofuata 7.

Kuna na hili la kohumuloni, moja ya hizo asidi za alfa, eti ikizidi uchungu unakwaruza koo. Vitabu vinalitoa kama amri. Mimi nina mashaka nalo, kwenye Cascade ni theluthi nzima na zaidi ya alfa yake, na tangu itoke 1972 watu wanaipenda.

Ukitaka kuchagua, ponda vidonge viwili vitatu vya hopsi iliyosagwa na kushindiliwa kiganjani, sugua mpaka vipate joto, nusa. Vikinuka jibini iliyokaa, tupa, hata kama pakiti imeandikwa 14.