Je, wajua kwa nini huenda huna haja ya kununua antivairasi?

Mwenye laptopu ya Windows 10 au 11 tayari anayo antivairasi, yaani programu ya kuzuia virusi vya kompyuta. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft huiweka antivairasi yake, Defender, ndani ya mfumo wenyewe, bila malipo. Ukisakinisha ya kampuni nyingine, Defender hujiweka kando, kwa kuwa mbili zikikagua faili zilezile hugongana na mashine hulemewa. Kwa hiyo anayelipia haongezi ulinzi juu ya ulinzi. Anaondoa mmoja na kuweka mwingine.

Mbona basi virusi havikomi Lamu? Anza na flashi. Inazunguka saiba za Usita wa Mui, leo fomu ya basari, kesho kasida za Maulidi, na siku moja ukiichomeka unakuta folda zote zina mshale mdogo pembeni. Usikimbilie kuifomati! Mara nyingi faili zimo humohumo: kirusi kimezificha, kikaweka njia za mkato ambazo ukizibofya zinakiamsha kwenye mashine yako. Ichanganue kwa Defender kwanza, kisha fundi anayeijua amri ya attrib atazifichua.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni programu za wizi. Unapewa Office ya "bure" na sharti moja: zima antivairasi kwanza. Ukishakubali, umemfungulia mwizi mlango mwenyewe, na hata antivairasi ya bei ghali haina la kufanya.

Halafu kuna bando. Wengi tunatumia hotspoti ya simu, tunaiambia Windows ibane matumizi ya data, na masasisho mengi yanasimama. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta duniani kote na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu kilimopitia tangu Machi. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za mtumba bado zinaitumia.

Zile hela za antivairasi ningenunulia diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Ila ukimaliza kunakili, ichomoe. Kirusi cha kudai fidia hufunga hata faili za diski iliyoachwa imechomekwa.