Diski inapoanza kugonga, izime kabla ya kumtafuta fundi

Katika miezi ya karibuni kitengo chetu cha TEHAMA hapa Dar es Salaam kimepokea malalamiko ya walimu, wahasibu na wapiga picha wanaodai kwamba data zao zimepotelea mikononi mwa mafundi. Hatuwatetei mafundi, lakini tunalazimika kueleza kwamba mara nyingi uharibifu huwa umeanza nyumbani.

Sahani za diski ngumu huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Kichwa kilichoharibika kikigusa sahani, hukwangua utando wa sumaku unaobeba data zenyewe, na kilichokwanguliwa hakirudishwi kwa programu wala kwa fedha. Kwa hiyo ukisikia diski inagonga-gonga, zima kompyuta papo hapo. Usiiwashe tena asubuhi ili kuona kama imepona.

Inasikitisha kwamba bado wapo wanaoiweka diski kwenye friza wakidhani baridi itaiponya. Katika unyevunyevu wa jiji hili, kitu chochote kilichotoka kwenye baridi hutoa jasho kama chupa ya soda, na matone hayo yakiingia kwenye sahani huimaliza kazi. Kuifomati diski mbovu nako si kuokoa data, kama ilivyo kuiruhusu Windows irekebishe makosa yake, kwa sababu unailazimisha iandike, pengine juu ya faili zile zile unazozitafuta.

Njia sahihi ni kunakili diski nzima, sekta kwa sekta (yaani kipande kidogo cha kuhifadhia data baada ya kingine), kwenda kwenye diski nyingine isiyo na hitilafu, ya ukubwa ule ule au zaidi, kwa programu kama ddrescue, ambayo huanza na sehemu zinazosomeka na kuziacha mbovu hadi mwisho. Faili hutafutwa kwenye nakala, kamwe si kwenye diski yenyewe. Vichwa vikiwa vimeharibika, diski hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi tu. Kwenye diski za SSD, zile zisizo na sahani zinazozunguka, faili iliyofutwa inaweza kusafishwa na diski yenyewe baada ya muda mfupi, hivyo kuchelewa ni hasara zaidi.

Kabla ya kukabidhi diski, iwe kwetu au kwa fundi wa Kariakoo, andika namba yake ya utambulisho, jaza fomu ya mapokezi nakala mbili, taja faili unazozihitaji, na pande zote mbili zitie saini. Hii si karatasi ya bure. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtoza mtu anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili; kampuni hutozwa shilingi milioni 1 hadi bilioni 5. Diski ya mwalimu ina taarifa za wanafunzi, nayo ya mhasibu ina za wateja, na wote hao hawakuombwa ridhaa.

Siku ya kuchukua, linganisha namba, kisha fungua faili kadhaa hapo hapo mezani kabla ya kusaini, kwa sababu saini yako ndiyo inayoturuhusu kufuta nakala tuliyobaki nayo.