Mwarobaini: maswali ya dirishani

Mvua zikianza, hapa Kirumba, Mwanza, kwenye duka letu la dawa huja watu na chupa ya maji ya nusu lita, ndani mna kitu cheusi kama chai iliyokolea. Ni mwarobaini. Eti hutibu magonjwa arobaini, ingawa orodha yake sijawahi kuonyeshwa.

Kweli mti huu una dawa?
Una kemikali kali, hilo halina ubishi. Mwaka 1942 mkemia Salimuzzaman Siddiqui, kule India, alitoa kemikali iitwayo nimbini kwenye mafuta ya mbegu zake. Baadaye ikapatikana azadiraktini, ambayo humvuruga mdudu homoni hadi ashindwe kujivua gamba na kukua. Leo inauzwa kama dawa ya kupulizia mazao. Kikundi cha mkemia Steven Ley, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilihangaika miaka 22 kuiunda maabara, kikafaulu 2007.

Mbona basi hakuna kidonge chake cha malaria?
Kuna kemikali nyingine humo, gedunini. Kwenye vichupa vya maabara inaua vimelea vya malaria, lakini panya walipopewa ilifanya kazi hafifu, kwa kuwa haiyeyuki vizuri na mwili huivunja upesi. Mimea mingi hukwama hapohapo.

Dawa mseto ya malaria tunayokupa nayo asili yake ni mmea, atemisia wa China. Mwanasayansi wa huko, mama Tu Youyou, na wenzake walikwama kuitoa dawa humo mpaka 1971 alipogundua kwamba kuchemsha ndiko kulikoiua dawa. Akaikamua kwa etha, kimiminika cha maabara, bila moto mkali. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Na sisi tunachemsha kila kitu!

Nikichemsha nyumbani, napata kiasi gani?
Mama mmoja alinionyesha kwa mkono: konzi moja ya majani kwa sufuria. Jirani aliyefuatana naye akacheka, yeye hutia nusu ndoo. Wote wawili hunywa "kikombe kimoja asubuhi". Hapo bado hujahesabu kama majani ni machanga au yamekomaa, wala siku yalizoanikwa juani.

Mtoto je?
Hapana. Mafuta ya mbegu ndiyo ya hatari zaidi: Malesia, watoto wachanga waliopewa walitapika, wakasinzia, wakapata degedege, na baadhi walikufa. Mjamzito naye asiguse. Kwa wanyama imeonekana kuharibu mimba.

Nina homa sasa hivi, nifanye nini?
Kapime leo. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa dakika 20 hivi, na huku ziwani malaria inaweza kumzidia mtoto kabla ya kesho. Kama umeshakunywa mwarobaini, sema tu, hakuna atakayekugombeza. Usiifiche chupa mkobani. Kabla ya kukuandikia dawa tunataka kujua ulikunywa lini, na vikombe vingapi.