Fomu ya pensheni ya mtumishi haithibitishi uaskari

Mjadala wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) ukipamba moto, sisi watunza nyaraka huletewa picha ileile: mtu mweusi aliyevaa sare ya Kusini (majimbo yaliyojitenga na Marekani), na maelezo kwamba maelfu kama yeye walipigania kwa hiari upande uliotetea utumwa. Wanaouliza wana nia njema, kwa hiyo tuwajibu kwa nyaraka.

Weusi walikuwapo kambini, tena wengi. Walipika, walifua, waliendesha magari ya nyumbu, walichimba mahandaki. Wengi walikuwa watumwa walioletwa na mabwana zao au kutwaliwa na serikali. Sheria ya Februari 17, 1864 iliruhusu hadi watumwa 20,000 watwaliwe kwa kazi hizo. Huko si kuandikishwa jeshini.

Sasa fomu ya pensheni, ambayo ndiyo huletwa zaidi kama ushahidi. Isomeni kuanzia juu. Baada ya vita, majimbo ya Kusini yalilipa pensheni pia kwa watumishi, yaani weusi waliowatumikia mabwana zao kambini: Mississippi ilianza mwaka 1888, Tennessee 1921, Virginia 1924. Fomu ya watumishi ya Mississippi ilikuwa tofauti na ya askari, na iliuliza jina la bwana aliyetumikiwa pamoja na kikosi chake. Kikosi mnachokiona hapo ni cha bwana! Tumelieleza hili mara nyingi mno, lakini bado watu hukata kipande chenye jina la kikosi na kukisambaza peke yake. Silas Chandler, anayeonekana na silaha kando ya askari mzungu Andrew Chandler kwenye picha maarufu, alikuwa mtumwa wa familia hiyo, na aliomba pensheni kwa fomu ya watumishi.

Nacho kikosi cha weusi huru cha New Orleans, kilichoundwa 1861, hakikupelekwa vitani na Kusini.

Howell Cobb, jenerali wa Kusini kutoka Georgia aliyepinga kuwafanya watumwa askari, aliandika Januari 1865 kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yote ya Kusini kuhusu utumwa ni kosa. Bunge la Kusini liliruhusu weusi kuwa askari Machi 13, 1865. Agizo Namba 14 la jeshi la Kusini, la Machi 23, lilitaka mtumwa akubali mwenyewe, na bwana wake atoe hati ya maandishi ya kumpa haki za mtu huru. Wachache wakaanza mazoezi Richmond, mji mkuu wa Kusini. Mji ukaanguka Aprili 3, na Jenerali Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini, akasalimu amri Aprili 9. Kufikia hapo, weusi wapatao 179,000 walikuwa wametumikia jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani.