Sekunde 55 baada ya kupaa Douala

Anayeuliza kwa nini sisi tunaofundisha marubani tunahangaika na binadamu kuliko injini, mimi humwambia asome ripoti ya ajali ya ndege, safari KQ507. Boeing 737-800 ya Kenya Airways, haijatimiza hata mwaka kazini, ilipaa kutoka Douala, Kameruni, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, safari ya Nairobi. Dakika mbili hivi baadaye ilikuwa imezama kwenye kinamasi cha mikoko, kama kilomita 5 kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Watu wote 114 walikufa. Ndege yenyewe haikuonekana kuwa na hitilafu ya kuiangusha.

Baada ya kupaa, kapteni alitamka kwamba otopailoti, mtambo unaoendesha ndege wenyewe, iingie. Haikuingia. Rubani msaidizi hakuitikia, wala hakuna aliyehakikisha kwenye skrini. Ndege ilikuwa inalalia kulia kidogo kidogo, na kwa sekunde 55 haikuwa na mtu wala mashine ya kuirudisha.

Walikosaje kuhisi? Sikio la ndani, linalotupa usawa, halishtuki ndege inapolala polepole sana. Mwili unaamini umekaa wima. Mchana macho yangesahihisha. Usiku ule kulikuwa giza na mvua ya radi karibu, kwa hiyo zilibaki ala tu, yaani vipimo vilivyo mbele ya rubani, na ala hazisaidii kama hazitazamwi. King'ora kilipolia, ndege ilikuwa imelala karibu digrii 35. Kapteni, aliyeshtuliwa, alikata usukani kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Rubani msaidizi naye alisema kulia kabla ya kujisahihisha kuwa ni kushoto. Wakati huo kila mmoja alikuwa anabishana na mwili wake mwenyewe.

Kapteni alikuwa na miaka 52, mwenzake 23. Ripoti inataja ukali wa mmoja na upole wa mwingine, na darasani mjadala huishia hapo: mila zetu, kijana hamkosoi mzee. Mimi sikubali haraka hivyo. Mwaka 1978 ndege ya United ilianguka Portland, Marekani, kwa kuishiwa mafuta huku kapteni akishughulikia gurudumu, na wenzake hawakumwambia kwa uzito wa kutosha. Hapo mila zetu hazikuwepo. Kumwambia kijana "jipe moyo, sema" ni kumbebesha mzigo ambao ni wa kampuni.

Ninachosisitiza ni kusoma kwa sauti. Mmoja akitamka otopailoti, mwenzake hasemi "sawa, kapteni". Anatazama skrini na kusoma anachokiona, iwe imeingia au la. Isiposomwa, aliyetamka anauliza, na mkono hautoki kwenye usukani mpaka jibu lipatikane. Kwenye simuleta, mashine ya mazoezi inayoiga ndege, naomba otopailoti izuiwe isiingie, bila kuwaambia, na makapteni wakongwe ndio ninaoanza nao.